Barua ya Stanley Falls



Maji ya mto Lindi, yapitayo hapa kwetu Bafwasende, huteremka msituni mpaka kuingia katika mto Kongo karibu na Kisangani. Huko Kisangani, zamani zile mji ulipoitwa Stanley Falls, iliandikwa barua moja ambayo ni wachache kati yetu waliopata kusikia habari zake. Tarehe yake ni 18 Julai 1890. Aliyeiandika hakuwa padre, wala hakuwa Mbelgiji, wala hakuwa Mzungu. Alikuwa Mmarekani mweusi, jina lake George Washington Williams, mchungaji wa Kibatisti. Aliyeandikiwa ni Leopold II, mfalme wa Wabelgiji na mwenye Dola Huru ya Kongo, ile ambayo wazee wetu waliiita Bulamatari.

Labda mtauliza: gazeti la Wakatoliki lina haja gani na barua ya Mbatisti? Swali ni jema, nasi tutalijibu mwishoni. Kwanza tuipime barua yenyewe, kama fundi apimavyo mbao kabla ya kujengea: ni wapi ilipo ngumu, na ni wapi ilipoliwa na mchwa.

Wainjili na haki za wanyonge

Katika vijiji vyetu husemwa mara nyingi kwamba Waprotestanti hawajali mambo ya dunia. Eti kazi yao ni kuimba, kusoma Biblia na kuingoja mbingu. Wapo hata wachungaji wao wasemao hivyo hivyo, kwamba aliyeokoka asijitie katika mabishano ya haki za raia. Lakini historia yasema vingine. Wale tuwaitao Wainjili, yaani Waprotestanti wanaokaza sana kuongoka kwa moyo na kusoma Biblia, wamekuwa na siasa ya kutetea wanyonge tangu zamani. William Wilberforce wa Uingereza alikuwa mmoja wao. Yeye na wenzake walishindana bungeni karibu miaka 20, mpaka sheria ya kukomesha biashara ya watumwa ikapita mwaka 1807. Na mwaka 1833, mwaka ule ule aliokufa, ikapita sheria ya kuwaacha huru watumwa katika makoloni ya Waingereza.

Huko Marekani Wainjili waligawanyika. Wengine walitetea utumwa wakiwa na Biblia mkononi, wengine waliupinga kwa Biblia hiyo hiyo. Basi hatusemi kwamba wote walikuwa wema. Twasema tu kwamba mti huo ulizaa matunda ya namna hiyo, na tunda moja liliangukia hapa kwetu.

Mtu mwenyewe

Williams alizaliwa Pennsylvania mwaka 1849. Akiwa kijana bado alipigana katika vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, upande wa jeshi la Kaskazini. Baadaye alisoma teolojia huko Newton, karibu na Boston, akawekewa mikono kuwa mchungaji mwaka 1874. Hakubaki kanisani tu. Aliingia katika siasa, akawa mtu mweusi wa kwanza katika bunge la jimbo la Ohio. Tena aliandika kitabu kikubwa, juzuu mbili, juu ya historia ya watu weusi wa Marekani.

Mwaka 1889 alionana na Leopold huko Bruxelles, na mfalme akampendeza. Alimsadiki aliposikia kwamba kazi yake Kongo ni kazi ya huruma na ya Kikristu. Hata alifanya shauri la kuwaleta vijana weusi wa Marekani waje kutumikia Dola hiyo. Lakini alitaka kwanza kuona kwa macho yake. Mwaka 1890 akaja, akapanda mto mpaka Stanley Falls. Alipofika hapo, sifa zake kwa mfalme zilikuwa zimekwisha. Akachukua kalamu.

Mema ya barua hii

Kwanza, haizunguki. Yasema na mfalme mwenyewe, kwa heshima zote zimpasazo mfalme, lakini bila kufunika kitu. Yaanza kwa kueleza jinsi mwandishi alivyovunjika moyo. Halafu yataja hila walizofanyiwa machifu ili watie alama katika mikataba. Mzungu mmoja alificha waya za umeme ndani ya koti lake. Alipompa chifu mkono, chifu alitikisika, akadhani kwamba Mzungu ana nguvu kupita watu wote. Mwingine aliwasha sigara kwa kioo na mwanga wa jua, akajidai kwamba jua lamtii. Kwa hila kama hizo, na kwa masanduku machache ya pombe kali, vijiji vizima viliandikwa kuwa mali ya mtu ambaye hakukanyaga Kongo hata siku moja.

Pili, yapanga mashtaka. Ni 12, moja baada ya jingine, kama katika baraza la hukumu. Yasema kwamba askari wa vituo vya mtoni huwalazimisha watu kutoa samaki, mbuzi, kuku na mboga mbele ya mtutu wa bunduki, na wakikataa nyumba zao huchomwa. Yasema kwamba wafungwa hutiwa minyororo ya ng'ombe shingoni mpaka ngozi ikachubuka na kuwa vidonda. Yasema kwamba serikali iliyojisifu kukomesha biashara ya watumwa, yenyewe yanunua watumwa, na bei yake ni paundi 3 kwa kila mtu mwenye nguvu za kufanya uaskari.

Angalieni sana hizo paundi 3. Mwandishi dhaifu angesema tu kwamba serikali ni katili, naye mfalme angejibu kwamba si kweli, na maneno yangekwisha hapo. Lakini mwenye kutaja bei amekwisha kufungua daftari. Atakaye kumkanusha lazima naye afungue la kwake.

Tatu, mwandishi aligeuka. Alikuwa amemsifu Leopold mbele ya watu, kisha akakiri mbele ya watu wale wale kwamba alikosea. Sisi tunaopiga magoti katika kiti cha maungamo twajua kazi hiyo ilivyo ngumu, hata mahali pa siri penye msikilizaji mmoja tu. Yeye aliifanya kwa barua ya wazi. Na katika barua nyingine ya mwaka huo huo, aliyompelekea waziri wa mambo ya nchi za nje wa Marekani, alisema juu ya makosa dhidi ya ubinadamu, neno ambalo mahakama za dunia zalitumia hata leo.

Kasoro zake

Yapo pia mapungufu, nasi tusiyafiche kwa kuwa mtu alitetea haki.

La kwanza ni dogo, lakini liliumiza. Barua yamwita mwandishi wake Kanali, kumbe jeshi la Marekani halikumpa cheo hicho. Magazeti ya Ubelgiji yalishika hapo hapo. Badala ya kujibu habari za minyororo, yaliuliza: huyu anayejiita Kanali ni nani? Mtumbwi mzuri huzama kwa tundu dogo. Anayetaka kusema kweli juu ya wengine, aanze kwa kusema kweli juu yake mwenyewe.

La pili ni kubwa zaidi. Tuliposoma barua hii tulijiuliza: watu wetu wako wapi? Stanley atajwa kwa jina, na ukali wake, na ahadi zake alizozivunja. Mfalme atajwa kila mahali. Lakini wenyewe walionyang'anywa mbuzi, wenyewe waliochomewa nyumba, wasimama kama kundi moja, nao waitwa tu wenyeji. Williams alisema kwamba ameandaa orodha ya mashahidi na hati, ili iwekwe kwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza mpaka tume ya mataifa iundwe. Lakini tume ile aliyoiomba haikuundwa. Mashahidi waliachwa nje ya barua, na barua ndiyo iliyosomwa.

Yeye mwenyewe alikufa Blackpool, Uingereza, tarehe 2 Agosti 1891, akiwa na umri wa miaka 41. Kaburi lake lilipata jiwe lake linalofaa mwaka 1975 tu.

Picha, na vijiti

Baada ya Williams walikuja wengine. Huko Baringa, upande wa Ekwatoria, palikuwa na misioni ya Wainjili kutoka Uingereza. Mwezi wa Mei 1904 alifika hapo mtu mmoja, Nsala wa Wala, amebeba furushi la majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka kama mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira iliyoitwa Abir. Mama mmoja wa misioni, Alice Seeley Harris, alimpiga picha Nsala akiwa ameketi barazani, akiviangalia viungo vya mtoto wake.

Picha ile twaiona kuwa bora kuliko barua, na sababu ni hii: ina jina la baba na jina la mtoto. Tena Nsala hatuangalii sisi. Hatuombi chochote. Amwangalia mwanawe, nasi twasimama kando kama watu walioingia msibani bila kubisha hodi. Alice na mumewe John waliichukua picha hiyo pamoja na nyingine, wakazimulika ukutani kwa taa katika makanisa na kumbi. Huko Marekani peke yake walihutubia mikutano zaidi ya 200. Watu wa Ulaya na Marekani walilia, wakaandikia wabunge wao.

Lakini picha nayo ina kasoro yake. Nsala ndani yake hasemi. Wanaosema kwa ajili yake ni wengine, kwa lugha asiyoijua, katika nchi asiyoijua.

Mwisho wa mwaka ule ule, Tume ya Uchunguzi aliyoiweka Leopold kwa kushurutishwa ilifika Baringa. Walikuwa waamuzi watatu: Mbelgiji, Mwitalia na Mswisi. Mbele yao alisimama Lontulu, chifu wa Bolima, ambaye alikuwa amepigwa fimbo na kufungwa minyororo. Aliweka juu ya meza vijiti 110. Alivigawa mafungu manne: wakubwa wa ukoo, wanaume, wanawake, watoto. Kisha akashika kijiti kimoja kimoja, na kwa kila kijiti akataja jina la mtu wake aliyekufa kwa ajili ya mpira.

Hapa ndipo twaona ushahidi kamili. Hakuna kalamu, hakuna kamera. Yuko mwenye msiba, mwenye hesabu na mwenye majina. Tume ilisikiliza mashahidi 370. Ripoti yake ilitoka mwaka 1905 nayo ilikuwa kali, lakini maneno yenyewe ya mashahidi hayakuchapwa. Yalifungiwa katika nyaraka za Bruxelles mpaka miaka ya 1980. Kwa hiyo dunia ilimjua Leopold, ikawajua Harris na mumewe, lakini vijiti vya Lontulu vilikaa kabatini.

Tuseme pia kwamba Wainjili walitosheka upesi. Ubelgiji ilipoichukua Kongo mikononi mwa Leopold mwaka 1908, wengi wao walidhani kwamba kazi karibu imekwisha, na mwaka 1913 chama chao cha kutengeneza mambo ya Kongo kikavunjwa. Lakini mwaka 1917 serikali iliwalazimisha watu kulima pamba. Walipinga ukatili wa mtawala; kutawaliwa kwenyewe wengi wao hawakukuuliza.

Na sisi?

Sasa turudi kwenye swali letu. Kwa nini haya yaandikwe katika gazeti la Wakatoliki? Kwa sababu wakati ule, walipokuwa wakisema wao, sisi kwa sehemu kubwa tulinyamaza.

Mwaka 1896 Leopold aliunda kamati ya kulinda wenyeji, watu sita: wamisionari watatu Wakatoliki na watatu Waprotestanti. Kamati ilikutana mara mbili tu, wala haikupewa fedha za safari. Mmoja wa Waprotestanti wale alikuwa George Grenfell, aliyezikwa Basoko mwaka 1906, naye kwa miaka mingi alimwamini mfalme. Hapo, basi, tulinyamaza pamoja. Lakini wao waliamka kabla yetu.

Sababu zetu zajulikana. Mapadre wengi walikuwa Wabelgiji, na kumlaumu mfalme kulionekana kama kuisaliti nchi. Tarehe 26 Mei 1906 Dola ya Kongo na Kiti Kitakatifu walifanya mapatano, na kila misioni ya Kikatoliki ikaahidiwa ardhi ya hektari 100 mpaka 200. Ni vigumu kumkemea anayekupa shamba. Tena Ripoti ya 1905 ilizikosoa shule za mashambani za misioni za Kijesuiti, nasi tukajitetea kuliko kusikiliza. Na huko Ubelgiji, waliopiga kelele zaidi bungeni walikuwa masoshalisti, watu wasiopenda Kanisa, kwa hiyo Wakatoliki wengi waliona kwamba jambo lisemwalo na adui haliwezi kuwa kweli.

Wainjili hawakuogopa hivyo. William Sheppard, mchungaji mweusi wa Kipresbiteri aliyekuwa Kasai, alishtakiwa na kampuni ya mpira kwa sababu ya makala aliyoandika. Katika kesi yake ya mwaka 1909 huko Léopoldville alitetewa na Émile Vandervelde, kiongozi wa masoshalisti wa Ubelgiji, mtu asiyesali, bila kulipwa hata senti moja. Sheppard akashinda. Mchungaji na asiyeamini walisimama upande mmoja, kwa kuwa kweli haiulizi nani ameibeba.

Hata hivyo, tusiseme kwamba Wakatoliki wote walilala. Padre Arthur Vermeersch, Mjesuiti wa Louvain, alitoa kitabu mwaka 1906 juu ya suala la Kongo, akaupinga utaratibu ule wa mfalme kwa sababu za haki na za dini. Alikuwa Mbelgiji, na hakuogopa kuitwa msaliti. Huyu tujivunie, lakini tuone haya kwamba hakuwa na wenzake wengi.

Vijiti vyetu

Msidhani kwamba ni mambo ya kale tu. Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana kwa siku sita ndani ya Kisangani, nchi isiyo yao. Sisi tulikuwa watoto. Mwaka 2005 Mahakama ya Dunia huko Den Haag iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria na lazima ilipe kwa maovu yaliyotendwa katika nchi yetu. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama hiyo ikataja malipo: dola milioni 325, na milioni 225 kati yake ni kwa ajili ya watu waliokufa na kuumizwa.

Lakini someni sehemu ya hukumu isemayo juu ya wafu. Kongo ilidai raia 180,000. Mahakama ilisema kwamba ushahidi wa hesabu hiyo hautoshi, ikakadiria watu kati ya 10,000 na 15,000. Hatuwalaumu waamuzi. Mwamuzi hawezi kuhesabu kijiti ambacho hakikuwekwa mezani.

Tukiwa katika safari zetu za mafundisho, tulimwuliza mzee mmoja wa kijiji cha njiani aliyepoteza ndugu wawili wakati wa vita:

– Baba, mbona majina yao hayakuandikwa popote?

Akajibu:

– Katekista, nani angeyasoma?

Neno hilo limetukaa moyoni. Sisi Wakatoliki ndio ambao hatukupaswa kuulizwa hivyo. Hatubatizi kundi, twabatiza mtu mmoja mmoja kwa jina lake, na jina laandikwa katika kitabu cha parokia pamoja na baba, mama na msimamizi. Mwezi wa Novemba twasoma majina ya marehemu altareni. Bwana wetu alisema kwamba mchungaji mwema huwaita kondoo kwa majina. Kanisa lililo na vitabu hivyo lilikuwa na chombo ambacho Williams hakukitia katika barua yake, wala halikukitumia.

Basi, makatekista wenzetu na wakubwa wa jumuiya, tufanye hivi. Uovu ukitokea, uwe wa mgambo, au wa wachimba dhahabu, au wa mtu mwenye cheo, tuandike jina la aliyeumizwa, kijiji chake na siku yake. Tutenge tuliyoyaona na tuliyoyasikia. Tusijipe vyeo tusivyo navyo. Tumwache mwenye msiba aseme kwa maneno yake, na maneno yake yasibadilishwe. Palipo na hatari, daftari likae kwa padre, na jina lisitoke bila ruhusa ya mwenyewe. Na kama wa kwanza kuandika ni mchungaji jirani yetu Mprotestanti, tusimwulize dini yake; tumpelekee majina tuliyo nayo, tumwombe na yeye yake.

Yule mzee aliuliza nani angeyasoma. Jibu lake liwe sisi.